Matanga ya Ndege ya Malachy Tighe

Siku herufi zilipokwisha, Assumpta Geraghty alikuwa na kipande cha mkate wenye siagi mkononi, na kwa dakika kumi nzima hakukila wala hakukiweka chini.

Alikuwa amekaa meza ileile miaka thelathini na moja, ghorofa ya pili ya ofisi ya usajili wa ndege mjini Dublin. Kazi yake ilikuwa kuzipa ndege majina. Kila ndege ya Ayalandi hubeba herufi tano ubavuni: E na I za nchi, halafu kistari, halafu herufi tatu zake yenyewe. Herufi tatu hutoa majina elfu kumi na saba na kitu. Kwa nchi yenye mvua kama ile, ambayo watu wake wengi wakitaka kusafiri hupanda meli wakiwa na gari lao, majina hayo yalionekana yatatosha hadi kiyama.

Kilichoyamaliza ni kampuni za kukodisha ndege. Ndege ikitoka kwa shirika la Brazili ikielekea kwa shirika la Vietnamu ilipitia kwanza kwenye daftari la Assumpta, ikapewa jina, ikakaa nalo siku nne, ikaondoka. Nyingi hazikuwahi kukanyaga udongo wa Ayalandi hata kwa gurudumu moja. Na kanuni ilisema jina la ndege iliyohamia nje lifungiwe miaka ishirini na mitano, ili makosa ya ndege ya zamani yasije yakamwangukia mrithi wake. Juu ya hayo kulikuwa na kamati ya maneno machafu. Kamati hiyo ilianza kwa kufuta herufi tatu zilizotukana kwa Kiingereza, ikaendelea na Kiayalandi, ikamwajiri Mpolandi, kisha Mhungaria, na ilipovunjwa ilikuwa imefuta majina mia tisa na sitini, mengine kwa sababu tu yalisikika vibaya mtu akiwa na mafua.

"Haiwezekani," alisema Fintan Mulqueen, mkuu wake, mwanamume mrefu ambaye wasiwasi ulikuwa umemkausha kama kitambaa cha kufutia vyombo. "Tafuta tena."

"Nimetafuta mara tatu, Fintan. Hakuna. Tumekwisha."

"Basi tuongeze herufi ya nne."

"Fomu ina visanduku vitatu."

Fintan alikaa. Wote wawili waliijua habari ya fomu. Ilikuwa imeambatishwa na kanuni, kanuni ilikuwa imeambatishwa na sheria, na kubadili hata nukta yake kulihitaji sahihi za wajumbe watano wa jopo ambalo wajumbe wake wanne walikuwa wamefariki na wa tano alikuwa anaishi Kanada na hapokei simu.

Wakati huo, kwenye uwanja wa ndege wa Knock, magharibi mwa nchi, ndege ya viti mia na themanini na tisa ilikuwa imekaa siku kumi na tisa bila jina, imepakwa rangi mpya mwili mzima, mkia mtupu. Marubani wake wawili, Wareno, walikuwa wameshasoma magazeti yote ya hoteli na sasa walikuwa wanahudhuria darasa la kufuma sweta. Wakili wa kampuni iliyoimiliki alimpigia Fintan kila asubuhi saa tatu kamili, akauliza kwa adabu iliyozidi kuwa baridi, "Leo je?"

Assumpta ndiye aliyekumbuka kifungu cha arobaini na nne. Jina la ndege iliyohama lilifungiwa, lakini jina la ndege iliyokufa lilirudi siku ileile. Kilichotakiwa ni mambo matatu. Mwenyewe atamke mbele ya ofisa kwamba ndege imekufa. Ofisa aione maiti kwa macho yake. Kisha herufi zifutwe ubavuni, ndipo cheti cha kifo kitiwe sahihi.

"Kuna ngapi mabandani huko vijijini?" aliuliza Fintan. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

"Zilizoandikwa hai na hazijaruka miaka ishirini? Mia mbili na saba."

"Chukua gari la ofisi," alisema Fintan.

*

Ya kwanza ilikuwa katika jimbo la Wexford, kwa mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa ameacha mabawa mawili na usukani kwenye chumba cha wageni. Assumpta alitarajia dakika tano. Alikuta viti vimepangwa ukutani, chai imechemshwa, majirani kumi na wawili wamevaa nguo nyeusi. Mjane alikuwa amesikia kwenye simu neno "kifo" na neno "ofisa," na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu, alikuwa amemwita na padri.

"Pole kwa yaliyokupata," majirani walimwambia mjane mmoja baada ya mwingine, wakimshika mkono, kisha wakaenda kuyatazama mabawa na kusema yanaonekana kama yamelala tu.

Habari zilisambaa. Katika nchi ambayo watu huanza gazeti kwa ukurasa wa vifo, haikuchukua wiki mbili kabla ya matanga ya ndege kuwa jambo la kawaida. Tipperary walitoa kwaya. Sligo watu wawili waligombana juu ya nani atasema maneno ya mwisho juu ya kiwiliwili cha nailoni ambacho panya walikuwa wamekula nusu. Assumpta alinenepa. Kila mahali alipewa mkate wenye nyama ya nguruwe na keki ya zabibu kavu, na kukataa kula msibani ni kuwatukana wafiwa. Majina yalianza kurudi, moja leo, mawili kesho, na kila lilipofika Dublin lilikuwa limeshachukuliwa na ndege iliyokuwa ikilisubiri. Ile ya Knock iliendelea kukaa, kwa sababu wakili wake alikuwa amejaza ombi kwa wino wa bluu, likarudishwa, akapoteza nafasi yake kwenye foleni.

Alhamisi ya wiki ya tatu ikawa zamu ya ndege hiyo, na jina lililokuwa limepangwa kwa ajili yake lilikuwa Leitrim, kwa Malachy Tighe: EI-AXJ.

*

Malachy alikuwa na miaka sabini na minane na kofia ambayo hakuivua hata ndani. Ndege yake ilikuwa ya viti viwili, mabawa ya kitambaa, imesimama bandani katikati ya majani makavu na mashine ya kukamulia. Mkewe Bríd alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, na ilionekana wazi nani kati yao aliyepiga simu Dublin.

"Imekufa," alisema Bríd.

"Anayetakiwa kutamka ni mwenye ndege, mama," alisema Assumpta.

"Basi tamka, Malachy."

Malachy aliitazama ndege, akaitazama ardhi. "Imepumzika," alisema.

"Wewe mzee usinianzie. Miaka ishirini na mitatu imepumzika! Hata maziwa ya unga hayapumziki hivyo. Nina ndama sita hawana pa kulala, mvua inawanyeshea, na huyu binti wa serikali ametoka Dublin kote kule. Sema neno moja tu."

"Ukisema imekufa, inakuwa kama umeiua wewe," Malachy alimwambia Assumpta kwa sauti ya chini, kana kwamba ndege inasikia. "Niliijenga na ndugu yangu, mwaka sabini na tatu, kwenye jiko la mama. Ilibidi tubomoe ukuta kuitoa."

Assumpta alikuwa ameshasikia mengi ya namna hiyo katika wiki tatu, na kila mara yalimuuma vilevile. Alitaka kumwambia arudi nyumbani na asahau. Lakini simu yake ilikuwa imetetemeka mara saba mfukoni tangu avuke mto Shannon, na zote saba zilikuwa za Fintan.

"Mzee Malachy," alisema, "hakuna atakayeigusa. Itabaki hapahapa. Ni karatasi tu inayokufa."

"Karatasi tu?"

"Karatasi tu."

Malachy alivuta pumzi. "Haya. Imekufa. Mungu anisamehe."

Wanaume waliokuwa mlangoni walivua kofia. Simu ikatetemeka mara ya nane.

"Imekufa?" aliuliza Fintan kabla hata ya salamu. "Niambie imekufa, Assumpta. Wakili yuko hapa ofisini. Amekaa kwenye kiti changu."

"Imekufa sasa hivi, ila bado sijafu—"

"Basi hiyo ni AXJ, wakili anaondoka nayo!" Simu ikakatika.

Alichokuwa anataka kusema ni kwamba bado hajafuta herufi. Chupa ya dawa ya kufutia rangi ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amekwisha kuifungua pale Bríd alipomshika kiwiko na kusema chai inapoa, na kwamba mtu hafanyi kazi msibani kabla ya kula. Assumpta aliweka chupa juu ya gurudumu. Aliweka na sahihi kwenye cheti, kwa kuwa kalamu ilikuwa karibu. Katika miaka thelathini na moja hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na alilifanya kwa sababu ya keki.

Matanga ya Leitrim yalikuwa mazuri kuliko yote. Watu walijaa uani hadi barabarani. Kulikuwa na mayai, nyama, viazi, wiski ndani ya vikombe vya chai kwa ajili ya wale waliomwogopa padri. Saa mbili nzima walisimulia habari za marehemu: siku ilipotua kwenye kiwanja cha mpira dakika ya themanini, siku ilipomfukuza fahali wa jirani hadi Roscommon. Malachy alicheka, akalia kidogo, akacheka tena.

Ndipo Packie Gilrane, fundi wa matrekta, ambaye alikuwa amekunywa chai nyingi ya aina ya pili, alipoweka kikombe chini.

"Malachy," alisema, "hebu tumsikie sauti mara ya mwisho."

"Haitawaka."

"Najua haitawaka. Lakini tutakuwa tumejaribu."

Waliisukuma nje, kwenye malisho. Packie alileta betri ya trekta na galoni mbili za petroli. Malachy alipanda akakaa, kwa sababu lazima mtu akae. Packie alishika ile rafadha ya mbao iliyoko puani, akaizungusha kwa mikono miwili. Kimya. Akaizungusha tena. Ndege ikakohoa.

"Yesu na Maria," alisema padri.

Mara ya tatu ikakohoa, ikatema moshi mweusi, na panya watatu, na ikaanza kunguruma. Umati ulipiga makofi. Ndege ilianza kwenda mbele. Baadaye Malachy alishikilia kwamba breki zilikuwa zimeoza, na Bríd alishikilia kwamba mumewe hakuzigusa hata kidogo, na katika jambo hilo Assumpta alimwamini Bríd. Kondoo walitawanyika. Mwisho wa malisho kulikuwa na ukuta wa mawe, na wote waliziba macho, na walipofumbua, AXJ ilikuwa juu ya ukuta, juu ya barabara, juu ya miti, ikielekea magharibi, herufi zake nyeusi zinasomeka vizuri kabisa.

"Nilimwambia avae koti," alisema Bríd.

*

Packie, ambaye ndiye aliyewahi kufunga redio ndani ya ndege ile, alikuwa na nyingine ndogo ya mkononi. Walimzunguka wote, vikombe mikononi. Kwa dakika chache ilikwaruza tu. Kisha wakasikia sauti ya mwanamke, tulivu, kutoka kwenye mnara wa Knock.

"AXJ, panda hadi futi elfu kumi na moja."

"Dada yangu," ilijibu sauti ya Malachy, "huko sijafika tangu nizaliwe."

"AXJ, rudia?"

"AXJ tunapanda elfu kumi na moja," alisema mwanamume mwingine, kwa lafudhi ya Kireno.

"Na wewe ni nani?" aliuliza Malachy.

"Sisi ni AXJ."

"AXJ ni mimi! Tangu mwaka sabini na tatu ni mimi!"

Assumpta alielewa: ile ndege ya Knock ilikuwa tayari angani. Walikuwa wameibandika herufi na kuirusha ndani ya saa mbili. Wakili yule hakuwa amepoteza hata dakika.

"AXJ," alisema mwanamke wa mnara, bado mtulivu, ila sasa polepole kama anayeongea na mtoto aliye juu ya paa, "una viti vingapi?"

"Mia na themanini na tisa."

"Viwili. Kimoja kina shimo."

"Packie, nipe hiyo," alisema Assumpta. Aliinua redio hadi mdomoni. "Mnara, hapa ni ofisi ya usajili. Naomba radhi. Ndege kubwa ndiyo AXJ. Ile ndogo imekufa."

"Nani amekufa?" alisema Malachy.

"Ndege yako, mzee. Umetamka mwenyewe."

"Nilitamka kabla haijapona!"

Uani hakuna aliyetafuna. Assumpta alimfikiria yule mwanamke mnarani, bila shaka ana kiti chake, kikombe chake, miaka yake ya kazi ambayo hakuna kilichowahi kuharibika, na akaona haya kwa niaba ya ofisi nzima.

"Sawa," mwanamke alisema hatimaye. "AXJ hai, endelea kupanda, geuka kaskazini. AXJ marehemu, geuka kulia, shuka, rudi nyumbani."

"AXJ hai, tunageuka kaskazini," alisema Mreno.

Redio ilikwaruza. Bríd aliinyakua mkononi mwa Assumpta.

"Malachy Tighe, umeambiwa wewe ndiye marehemu. Geuka!"

"AXJ marehemu," alisema Malachy kwa unyonge, "nageuka kulia."

Alitua dakika kumi na tano baadaye, akaruka mara mbili kama sungura, akasimama karibu na kondoo. Alipotoka alionekana kama mtu wa miaka hamsini. Umati ulimbeba. Padri alikuwa amekaa kwenye nyasi, akifikiria atamweleza nini askofu.

*

Jumatatu, Fintan alifunga mlango na kuongea kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Iondolee jina ile kubwa."

"Iko Iceland. Ina abiria."

"Basi ile ndogo ibaki imekufa."

"Imeruka mbele ya watu mia moja, Fintan, na padri."

"Kuna fomu ya kufufuka?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ina uhai na haina jina."

"Na majina hakuna. Lile lililorudi kutoka Kerry limechukuliwa asubuhi."

Fintan aliweka paji la uso juu ya meza. Assumpta alimtazama kisogo. Yeye mwenyewe alikuwa hajalala vizuri tangu Alhamisi. Kila alipofumba macho alimwona mzee yule akisema *Mungu anisamehe*, na yeye akimjibu kwamba ni karatasi tu. Alichukua fomu tupu kwenye droo, akachukua rula. Baada ya kisanduku cha tatu, akachora cha nne. Alikichora taratibu, pembe zote sawa, ukubwa uleule. Kisha akaandika A, X, J, na ndani ya kile kipya, M.

Fintan aliinua kichwa. Aliitazama fomu muda mrefu.

"Umefanya nini?"

"Nimechora."

"Kwa wino wa bluu."

Kweli, ulikuwa wa bluu. Assumpta alisubiri. Aliwaza pensheni yake, na dada yake kule kisiwani Achill ambaye angecheka hadi akohoe. Fintan alifungua mfuko wa koti, akatoa kalamu yake nyeusi, akaishika rula na, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, akazipitia zile pande nne moja baada ya nyingine. Alipomaliza aligonga mhuri.

"Kama mtu akiuliza," alisema, "kilikuwepo tangu mwanzo."

Hakuna aliyeuliza. Wizara ilichapisha fomu mpya elfu tano kwa mfano wa ile, na wakili aliandika barua ya pongezi. Majina yalikuwa sasa laki nne na zaidi, na Assumpta angeweza kurudi kwenye meza yake, lakini barua zikaanza kuja. Leitrim hawakuwa watu wa kunyamaza na jambo kama lile. Wafiwa wote wa Wexford, wa Tipperary, wa Sligo, walikuwa wamesikia kwamba kwa Tighe marehemu amefufuliwa, na wakataka kujua kwa nini wao wamebaguliwa. Kabla ya Pasaka zilikuwa zimefika barua sitini na mbili.

Ikambidi atunge kanuni yeye mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa nayo: ndege itahesabiwa hai endapo injini yake itasikika mbele ya ofisa. Akachukua tena gari la ofisi.

Nyingi hazikuwaka, na wenyewe walilikubali hilo kwa heshima, wakampa chai. Nne ziliwaka. Ya mwisho kutembelewa ilikuwa Offaly, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Cormac Delahunty, ambaye alimpeleka nyuma ya nyumba na kumwonyesha kiwiliwili cha nailoni kisicho na bawa wala mkia, na pale injini ilipotakiwa kuwa palikuwa na kiota cha kunguru.

"Injini iko wapi, mwalimu?"

"Niliiuza mwaka themanini na nane."

"Sasa tutaisikiaje?"

"Naikumbuka," alisema mwalimu. Alipanda, akakaa wima, akavaa miwani ya rubani, akamtazama Assumpta kuhakikisha kwamba anasikiliza. Kisha akaanza kuifanya kwa mdomo, kwanza ile ya kukataa kuwaka, kisha kukohoa, kisha kuwaka, kisha kupanda taratibu huku mashavu yakitetemeka na mishipa ya shingo ikimtoka. Kunguru waliondoka kwenye kiota.

Alifika juu kabisa ndipo Assumpta alipogundua kwamba hajafungua hata kalamu.

"Samahani, mwalimu," alisema, akipekua mkoba. "Anza tena. Sikuwa tayari."